Kovu Kwenye Sauti

Kisa kilichonifanya nishike kalamu ni kifupi. Dada mmoja niliyeimba naye kwaya miaka mingi, sauti ya kwanza, yule ambaye akianza wimbo hata watoto wanaocheza nje wanasimama kusikiliza, alipata vinundu kwenye koo. Akapasuliwa, vikaondolewa. Vinundu vikaisha, lakini sauti haikurudi. Ikabaki ya kukwaruza, kama gunia linaloburutwa kwenye sakafu ya saruji, na ikifika jioni inakuwa imekwisha kabisa. Daktari akamtazama, akasema ni kovu. Basi, neno hilo moja tu, kovu.

Siku moja akaniletea simu yake nisome. Palikuwa na tangazo la kliniki fulani ya ng'ambo. Eti wanachoma sindano ya seli shina na sauti inarudi kama zamani. Bei yake ukiigeuza kwa pesa zetu ni nyumba pamoja na kiwanja chake. "Kaka," akaniambia kwa ile sauti yake iliyobaki, "wewe si unasoma vitabu? Hebu niambie, hii kitu ni kweli au tunaliwa?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kulitafuta, nikakuta kwamba jibu la swali lake haliwi ndiyo wala hapana mpaka kwanza usimulie historia. Na historia yenyewe ni tamu, japo kuna mahali inatia uchungu. Naomba tuifuate pamoja.

KIOO CHA MWALIMU WA MUZIKI

Kwa karne nyingi binadamu alizungumza, akaimba, akahubiri, akatukana, bila kuona kinachotoa sauti hiyo. Waliopasua maiti walikuta mikunjo miwili midogo ndani ya zoloto, kile kidude kinachopanda na kushuka shingoni unapomeza. Lakini maiti haimbi. Kuiona mikunjo ile ikifanya kazi ndani ya mtu aliye hai lilikuwa jambo jingine kabisa.

Aliyefungua mlango huo hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa kuimba, Mhispania aitwaye Manuel García, aliyezaliwa mwaka 1805. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya waimbaji: baba yake alivuma kwenye opera, na dada zake wawili, Maria Malibran na Pauline Viardot, wakavuma zaidi. Yeye mwenyewe hakudumu jukwaani. Akageukia kufundisha, kwanza Paris, baadaye London.

Mwaka 1841 alijiwa na msichana wa miaka 20 kutoka Stockholm, Jenny Lind. Nchini kwao Sweden alikuwa nyota tayari, lakini alikuwa ameimba kupita kiasi, na sauti imechakaa. García hakumpa dawa. Alimwamuru anyamaze. Wiki kadhaa bila kuimba, na kusema nako kwa nadra. Jenny Lind akatii, kisha akaanza kufundishwa upya taratibu. Mwaka 1842 alirudi Stockholm, na baadaye Ulaya na Marekani zikamjua kwa jina la yule ndege aimbaye usiku, wa Sweden.

Naomba msomaji ulikumbuke jina la mji huo wa Stockholm. Tutarudi huko. Ukumbuke pia kwamba katika mwaka ule wa 1841 dawa ya sauti iliyoumia ilikuwa moja tu, nayo ni kunyamaza. Ukimya unaweza kupunguza uvimbe. Kovu hauliondoi.

Miaka 13 baadaye, Septemba 1854, García alikuwa Paris akitembea zake. Akaona jua likimetameta kwenye kioo, na wazo likamjia. Alikimbilia duka la vifaa vya waganga, akanunua kioo kidogo cha daktari wa meno chenye mpini mrefu. Akakipasha moto ili kisifanye ukungu, akakiingiza nyuma ya ulimi, na kwa kioo kingine cha mkononi akamulika mwanga wa jua ndani ya koo lake mwenyewe. Kumbe! Mikunjo ile miwili ilikuwa pale, ikifunguka na kujifunga. Mwaka 1855 taarifa yake ilisomwa mbele ya Royal Society ya London. Miaka michache baadaye madaktari wawili, Ludwig Türck wa Vienna na Johann Czermak, wakakifanya kioo hicho kifaa cha tiba, wakagombana vilevile juu ya nani alitangulia. García hakujali sana. Aliishi hadi mwaka 1906, akafa ana miaka 101.

Sasa sauti ilikuwa inaonekana. Lakini kuona si kuelewa.

JELI, MIPIRA NA NYUZI ZA PAMBA

Kwa Kiswahili tumezoea kusema nyuzi za sauti. Neno hilo limeshika, nami nitalitumia, ila linapotosha kidogo. Ukisikia uzi unafikiria waya wa gitaa. Zile si waya. Ni mikunjo ya nyama laini, kila mmoja una urefu wa kama sentimita moja na nusu, hupungua kidogo kwa wanawake na huzidi kidogo kwa wanaume. Pumzi ikipita katikati yake, inapepesuka. Kwa mwanamume anayeongea kawaida hugongana mara 100 na kitu kwa sekunde moja. Kwa mwanamke ni kama mara 200. Piga hesabu mwenyewe: mwalimu wa kike akitoa sauti kwa jumla ya saa moja tu kwa siku, mikunjo hiyo imegongana zaidi ya mara laki saba. Kesho yake anarudi darasani.

Kitu gani kinaweza kugongwa hivyo bila kuchanika? Mwaka 1895 Mjerumani Friedrich Reinke alieleza kwamba chini ya ngozi nyembamba ya mkunjo kuna nafasi iliyolegea, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Maana kamili ya jambo hilo ilikuja kuelezwa mwaka 1974 na daktari wa Japani, Minoru Hirano, wa Chuo Kikuu cha Kurume. Hirano alionyesha kwamba mkunjo wa sauti umejengwa kwa tabaka. Juu kuna ngozi nyembamba. Chini yake kuna tabaka ambalo yeye alilifananisha na jeli laini. Linafuata jingine lenye kunyumbuka kama mipira ya kufungia, kisha jingine kama nyuzi za pamba, na mwisho kabisa ni msuli wenyewe.

Siri iko kwenye ile jeli. Ngozi ya juu inaelea juu yake kama nguo iliyotandazwa juu ya maji, na pumzi ikipita inafanya wimbi. Wimbi hilo ndilo sauti. Msuli wa chini hukaza na kulegeza tu, lakini anayecheza ngoma ni ngozi juu ya jeli.

Tukishajua hivyo, kovu tunalielewa mara moja. Kovu la mguuni halimzuii mtu kutembea. Mwili unapojitibu huwa na haraka, unaziba pale palipochanika kwa kolajeni nene iliyofumwa ovyo ovyo, kama fundi anayeshona gunia. Kwa mguu inatosha. Kwa sauti ni msiba, maana pale penye jeli sasa pana gunia. Asidi ya hayaluroniki, ile inayoshika maji na kuifanya jeli iwe jeli, inapungua. Ngozi inagandamana na vilivyo chini yake. Wimbi likifika pale linakwama. Mtu anasukuma pumzi kwa nguvu zake zote, anapata mkwaruzo.

Na mara nyingi kinacholeta kovu ni msaada wenyewe. Ni upasuaji wa kuondoa vinundu, au mpira wa kupumulia uliokaa kooni siku nyingi kwa mgonjwa mahututi, au mionzi ya kuua saratani. Mwigizaji Julie Andrews, ambaye dunia nzima ilimjua kwa sauti yake, alipasuliwa koo mwaka 1997 na uimbaji wake wa zamani haukurudi. Kama yeye, mwenye uwezo wa kufika kwa daktari yeyote duniani, hakupata wa kumrudishia, dada yetu wa kwaya angempata wapi?

MIAKA YA VIRAKA

Kabla ya seli kulikuwa na viraka. Mwaka 1911 Mjerumani Wilhelm Brünings alichoma nta ya parafini kwenye uzi wa sauti uliopooza. Nasema nta, ile ya mishumaa, msije mkadhani mafuta ya taa. Alitaka uzi uliolala unenepe, ukutane na mwenzake. Sauti zilipata nafuu, lakini nta mwilini haitulii, huhama na kuleta uvimbe. Njia hiyo ikaachwa.

Mwaka 1962 Godfrey Arnold, daktari mwenye asili ya Austria aliyehamia Marekani, akaja na Teflon. Naam, ni ile ile ya kikaango kisichoshika. Ilitumika kwa miaka mingi. Baadaye ikaonekana kwamba mwili unaichukia: unaizungushia uvimbe mgumu, na kuitoa ni kazi. Miaka ya 1980 Charles Ford na wenzake wa Wisconsin walijaribu kolajeni iliyotokana na ng'ombe. Ikaja zamu ya mafuta ya mgonjwa mwenyewe. Hivi vilikuwa vya kiungwana zaidi, maana mwili uliweza kuvivumilia, lakini vilinyonywa pole pole na kazi kuanza upya.

Viraka hivyo nisivibeze. Kwa mtu ambaye uzi umepooza au umekonda, kujaza ni msaada hasa, na vipo vya kisasa vinavyotumika hadi leo. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kovu ni shimo. Ukijaza shimo, linajaa. Ila mwenye kovu anachokosa ni ulaini, na ulaini hauchomwi kwa sindano kama nta. Lazima ufumwe na kitu kilicho hai, kidogo kidogo, mahali pale pale. Hapo ndipo seli zinapoingia kwenye hadithi.

CHEMBE ZA UBOHO

Turudi nyuma kidogo, Moscow, miaka ya 1960 na 1970. Mwanasayansi Alexander Friedenstein na wenzake walikuwa wanachunguza uboho, ile nyama laini ndani ya mfupa. Waligundua kwamba mbali na seli zinazozaa damu kuna nyingine, chache, ambazo ukiziotesha kwenye sahani ya maabara zinazaliana na zinaweza kujenga mfupa. Mwaka 1991 Mmarekani Arnold Caplan akazipa seli za namna hiyo jina la seli shina za mesenkaima. Wazo likawasha moto dunia nzima: kama chembe moja inaweza kuwa mfupa, gegedu au mafuta, basi ichomwe palipoharibika, nayo igeuke kuwa kile kilichokosekana. Rahisi hivyo!

Kwa koo, walioanza mapema ni Wajapani. Mwaka 2003 Shin-ichi Kanemaru na wenzake wa Kyoto walitangaza kwamba wamechukua seli za uboho za mbwa, wakazichoma kwenye nyuzi za sauti za mbwa hao hao zilizojeruhiwa. Upande uliopata seli ulipona vizuri zaidi kuliko uliokosa. Huko Stockholm nako, kundi la daktari Stellan Hertegård wa Karolinska lilichoma seli shina za binadamu kwenye makovu ya sungura, na makovu yakalainika.

Lakini kulikuwa na jambo la ajabu. Katika majaribio mengi ya wanyama, watafiti walipozitafuta seli zile baada ya wiki kadhaa, nyingi walizikosa. Zimekufa au zimeondoka. Sasa kama hazipo, nani alilainisha kovu? Jibu lililoanza kukubalika ni kwamba seli zile si mafundi wanaohamia na kujenga. Ni kama wasimamizi wanaopita. Zinatoa kemikali za kutuliza uvimbe na kuziamuru seli za mwenyeji zifume vizuri na ziache haraka. Caplan mwenyewe, aliyelitunga jina, mwaka 2017 aliandika kwamba wakati umefika wa kulibadilisha, kwa sababu neno seli shina linawapotosha watu. Ni wangapi wanaoweza kusimama hadharani na kusema jina nililolitoa mimi linadanganya? Jina lakini lilikuwa limeshatoroka, na ndilo lililoandikwa kwenye tangazo la ile kliniki.

Njia zikawa nyingi. Huko Kyoto Shigeru Hirano, huyu ni mwingine, asichanganywe na yule wa Kurume, aliona kwamba kama kinachofanya kazi ni ujumbe, basi tuchome ujumbe bila mjumbe. Alitumia protini iitwayo HGF, iliyojulikana kwanza kwa kukuza seli za ini, na mwaka 2018 matokeo ya wagonjwa 18 yakachapishwa. Los Angeles, Dinesh Chhetri na Gerald Berke walichukua kipande kidogo cha nyama ya ndani ya shavu, wakaotesha seli zinazofuma kolajeni, wakazirudisha kwenye koo la mwenyewe. Mwaka 2011 walitoa taarifa ya wagonjwa watano. Marseille, nchini Ufaransa, Alexia Mattei na wenzake walivuta mafuta ya mgonjwa, wakachuja seli zilizomo, wakazichoma bila hata kuziotesha. Walikuwa wagonjwa wanane, taarifa ikatoka mwaka 2020, na saba kati yao walisema maisha yao na sauti yamepata nafuu.

Kuna waliothubutu zaidi. Mwaka 2015 kundi la Nathan Welham wa Wisconsin lilichukua seli kutoka nyuzi za sauti za maiti mmoja na za wagonjwa wanne waliokuwa wameondolewa zoloto. Kwa muda wa wiki mbili wakaotesha kipande kizima cha utando wa sauti. Wakakibandika kwenye zoloto la mbwa lililokwisha kutolewa mwilini, wakapuliza hewa yenye joto na unyevu. Kikatetemeka, kikatoa sauti. Hakuna mtu aliyewekewa kipande hicho, ila ilionekana kwamba jambo linawezekana.

Tazama hesabu, ndugu msomaji: watano, wanane, 18. Hizi si takwimu za dawa iliyo dukani. Hizi ni hatua za kwanza za mtoto.

STOCKHOLM, MARA MBILI

Nilisema tutarudi Stockholm. Nilitamani hapa nisimulie habari njema peke yake, lakini historia haichagui.

Juni 2011, katika hospitali ya Karolinska, daktari wa upasuaji Paolo Macchiarini alimwekea mgonjwa bomba la hewa la plastiki. Bomba la hewa liko chini tu ya zoloto, ni jirani wa nyuzi za sauti. Plastiki hiyo ilikuwa imelowekwa kwenye seli za uboho wa mgonjwa mwenyewe, na ahadi ilikuwa kwamba seli zitalivika plastiki nyama hai. Mgonjwa alikuwa kijana wa Eritrea, mwanafunzi aliyekuwa akisoma Iceland, mwenye uvimbe wa saratani. Magazeti ya dunia yalishangilia. Huyo ndiye binadamu wa kwanza, waliandika.

Seli hazikuvika chochote. Kijana yule aliteseka kwa miezi mingi, akafariki Januari 2014. Wagonjwa watatu waliwekewa mabomba ya namna hiyo pale Karolinska, na wote watatu wamekufa. Madaktari wanne wa hospitali hiyo hiyo walipaza sauti mwaka 2014 kwamba yaliyoandikwa kwenye majarida hayafanani na yaliyo wodini. Mwanzoni hawakusikilizwa. Mambo yalifumuka mwaka 2016 baada ya filamu ya televisheni ya Sweden, na Macchiarini akafukuzwa. Mwaka 2018 jarida la Lancet liliifuta taarifa ya ule upasuaji wa 2011. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Sweden ilimhukumu kifungo cha miaka miwili na nusu.

Niliposoma habari hizo nilimfikiria yule mwanafunzi. Mtu wa pande zetu hizi za Afrika ya Mashariki, amekwenda mbali kutafuta elimu, ameugua, anaambiwa kuna njia mpya. Nani angekataa? Dada yetu na simu yake mkononi hana tofauti naye, isipokuwa kwamba yeye anaumwa sauti, hakabiliwi na kifo, kwa hiyo ana nafasi ya kusubiri.

Sasa sikieni upande wa pili. Katika mji ule ule, chini ya jina lile lile la Karolinska, Hertegård na wenzake walikuwa wanafanya kazi yao polepole. Baada ya sungura wakaja kwa watu, 16 kwa jumla, wote wana kovu na sauti iliyokwaruzika vibaya. Walitolewa uboho kidogo, seli zikaoteshwa maabara, kisha kovu likakatwa na seli za mgonjwa mwenyewe zikachomwa pale pale. Wakafuatiliwa kwa mwaka mzima. Taarifa ilitoka mwaka 2020.

Matokeo yakoje? Hakuna aliyepata madhara makubwa. Mtetemo wa nyuzi na kiasi cha pumzi kinachohitajika kuanzisha sauti vilikuwa bora kwa wagonjwa kati ya asilimia 62 na 75, kutegemea kipimo. Walipoulizwa wenyewe wanaonaje maisha yao na sauti hiyo, wanane kati ya 16 walisema wana nafuu ya kweli. Wanane waliobaki hawakuona tofauti kubwa. Tena hapakuwa na kundi la kulinganisha, la watu waliokatwa kovu bila kuchomwa seli, kwa hiyo huwezi kutenga kabisa kazi ya kisu na kazi ya sindano.

Hayo yote wameyaandika wenyewe, pamoja na hao wanane ambao hali yao haikubadilika. Hakuna gazeti lililopiga kelele. Mimi nikaona hapo ndipo tofauti ilipo. Mkono mmoja uliahidi nyama juu ya plastiki kabla ya kuthibitisha kwa mnyama. Mkono mwingine ulianza na sungura, ukaenda kwa watu 16, ukasema nusu. Neno nusu halivutii wateja, lakini ndilo neno la kweli kuliko yote niliyosoma.

NILILOMWAMBIA

Nilikwenda kwake Jumapili baada ya ibada. Nikamwambia, dada, kitu chenyewe kipo, si uzushi. Seli zinaweza kulainisha kovu la sauti, na wapo watu waliopata nafuu. Ila bado ni majaribio, yanayofanywa kwa watu wachache chini ya uangalizi. Ukiona mtu anaiuza kwa bei ya nyumba na anaahidi sauti ya zamani, huyo amekwisha kuwapita wenye elimu hiyo, na hakuwapita kwa maarifa. Anayefanya jaribio la kweli hukueleza kwamba huenda lisikusaidie, na hukuonyesha kibali na jina la anayemsimamia. Muulize hayo kwanza.

Nikamweleza na jambo jingine, ambalo mimi lilinigusa kuliko seli zote. Mtoto mchanga hazaliwi na zile tabaka za Hirano. Uzi wake wa sauti ni laini wote, haujagawanyika. Tabaka hujengeka kadiri anavyokua. Mwaka 2008 Kiminori Sato wa Kurume na wenzake walitoa taarifa juu ya vijana watatu ambao kwa sababu ya maradhi ya ubongo hawakuwahi kutoa sauti tangu kuzaliwa. Nyuzi zao zilipotazamwa kwa hadubini, tabaka hazikuwa zimejengeka kama za wenzao. Yaani kule kulia, kucheka, kuita mama na kuimba ndiko kunakoifundisha nyama ile kazi. Koo linaifanya sauti, na sauti nayo inalijenga koo.

Kwa hiyo, nikasema, hata siku sindano itakapokuwa tayari, seli peke yake hazitatosha. Zitahitaji kufundishwa na mazoezi. Hayo mazoezi ya sauti ambayo daktari wako alikutajia ukayaona ya kitoto, ndiyo yaliyopo leo, na hayadai nyumba. García alimtuliza Jenny Lind kwanza, ndipo akamfundisha upya. Miaka imepita zaidi ya 180, na sehemu hiyo ya tiba haijapitwa.

Alinisikiliza bila kunikatiza. Nikadhani ataniuliza juu ya mbwa au juu ya Wajapani. Badala yake akaniuliza kwa ule mkwaruzo: "Wale wanane ambao hawakuona tofauti, bado wanaimba?"

Nikamwambia taarifa haisemi.

"Basi," akasema, "waulizwe na hilo."

Ameanza mazoezi. Kila Jumatano anakwenda kuketi na watoto wa kwaya, hawaimbii, anawaonyesha tu kwa mkono wapi wavute pumzi na wapi wasipige kelele. Namba ya ile kliniki ameifuta, au ndivyo alivyoniambia. Nami nimeandika haya kwa ajili ya wengine ambao bado wanayo kwenye simu zao.